Tulifika herufi T tumechoka: Kosa la 'nguvu ya mzunguko'

MLANGO wa nyumba aliyotuachia marehemu mama yangu, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu huku Mji wa Kale, Mombasa, ni wa mbao mbili zinazokutana katikati kwenye mfaa. Mvua za masika zikizidi, ubao wa kushoto huvimba ukakataa kufunguka. Mwaka jana nilipowasili kutoka bara niliukuta umekwama kabisa. Nikaegemeza bega karibu na mwimo, pale nilipodhani ndipo penye tatizo, nikasukuma kwa nguvu zote zilizobaki katika mwili wa mtu wa miaka 60 na ushei. Haukujongea.

Fundi seremala niliyemwita, mzee anayenizidi umri kwa miaka kama kumi, alinitazama kwa muda. "Maalim," akasema, "hapo utasukuma hata kesho. Njoo huku kwenye mfaa." Nikasogea hatua moja, nikasukuma vilevile. Mlango ukalia, ukafunguka.

"Wauona? Nguvu ni zizo hizo. Mkono ndio uliozidi."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wiki chache kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetia sahihi kurasa za mwisho za faharasa ya istilahi za sayansi, na katika ukurasa mmojawapo tumeandika kwamba jambo hilo alilonionyesha fundi linaitwa 'nguvu ya mzunguko'. Fundi amesema nguvu hazikubadilika. Sisi, jopo zima la wasomi, tumesema kinachofungua mlango ni aina fulani ya nguvu. Mmoja wetu amekosea, na si fundi.

Makala ya leo ni uhakiki wa istilahi hiyo. Kwa kuwa ni uhakiki wa kazi yangu mwenyewe pia, sitamtaja mwenzangu yeyote wala taasisi. Lawama nazibeba mimi.

Tuanze na jambo lenyewe. Kwa sasa nitaliita torki, mpaka tupate jina lifaalo. Tuseme nilisukuma mlango kwa kani ya nyutoni 100, ambayo ni karibu sawa na uzito wa lita 10 za maji ndooni. Nikisukuma sentimita 10 kutoka pale ubao unapozungukia, torki ni nyutoni 100 mara mita 0.1, yaani nyutoni-mita 10. Nikisukuma kwenye mfaa, sentimita 60 kutoka pale pale, torki ni nyutoni-mita 60. Kani ni ile ile, lakini uwezo wake wa kugeuza mlango umekua mara sita. Torki, kwa hivyo, ni zao la vitu viwili: kani, na umbali wake kutoka kwenye mhimili. Ukiondoa kimoja, hakuna torki. Hata ungekuwa na nguvu za ndovu, ukisukuma juu ya mhimili wenyewe mlango hautageuka.

Sasa tuipime 'nguvu ya mzunguko' kwa kipimo hicho.

Kosa la kwanza liko katika neno 'nguvu'. Kiswahili cha kila siku kinalitwika neno hili mizigo mingi mno: nguvu za umeme, nguvu za misuli, nguvu za giza, nguvu kazi, sheria kuanza kutumika kwa nguvu. Hakuna ubaya wowote katika mazungumzo. Ubaya huanza darasani, ambapo kani, nishati na uwezo ni vitu vitatu tofauti vyenye vipimo vitatu tofauti. Wanaistilahi waliotutangulia waliliona hili. Ndiyo maana wakaipa fizikia neno 'kani', wakalitenga na 'nishati', na maneno hayo yakapata makao katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Kuiita torki 'nguvu' ni kubomoa ukuta ambao wenzetu waliujenga kwa jasho. Mwanafunzi ataandika jibu lake kwa nyutoni badala ya nyutoni-mita, na tukimkosoa atatuuliza: si nyinyi mlioniambia ni nguvu?

Kosa la pili liko katika neno 'mzunguko'. Torki inaweza kuwepo pasipo kitu chochote kuzunguka. Nati iliyoshika kutu unaweza kuikaza spana mpaka mishipa ikakutoka shingoni, isizunguke, torki ipo. Waliokulia Mombasa miaka ya zamani watakumbuka mchukuzi aliyebeba mzigo mzegazega, yaani mti begani, mzigo huku na mzigo kule. Akiwa na kilo 20 upande mmoja na kilo 10 upande wa pili, hakuuweka mti begani katikati. Aliusogeza hadi ule mzigo mzito ukawa karibu na bega, na ule mwepesi ukawa mbali mara mbili. Kulikuwa na torki mbili zinazolingana, kila moja ikipinga nyenzake, na lengo lake lote lilikuwa mti usizunguke! Mizani ya duka hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Ukimwambia mtoto kwamba pale pana 'nguvu ya mzunguko', atautafuta mzunguko asiuone.

Kosa la tatu ni kwamba 'mzunguko' nalo limeshapata kazi nyingine nyingi. Tuna mzunguko wa damu, mzunguko wa fedha, mzunguko wa maji, mzunguko wa hedhi, na mzunguko wa barabara ambapo matatu hugombania njia. Hata katika jiografia tunachanganya: tunasema 'mzunguko wa dunia' kwa ule wa siku moja na kwa ule wa mwaka mmoja. Ilhali vitenzi vyetu vinatenganisha vizuri. Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake, na inalizunguka jua. Kiambishi '-ji-' kimefanya kazi yote, kimya kimya. Tukikimbilia nomino tunaipoteza tofauti ambayo sarufi yetu ilikuwa tayari nayo.

Je, wasomi wazima, wengine wakiwa na shahada mbili tatu, walifikaje hapo? Jibu linaaibisha kidogo. Tulipewa orodha ya maneno ya Kiingereza, imepangwa kwa alfabeti, na tukaanza na herufi A. Neno la mhimili lilijadiliwa Jumatatu asubuhi. Neno la kani lilikuja Jumanne, na tulikubaliana vizuri kabisa kwamba litakuwa 'kani'. Wenzo ulikuja Jumatano, kanieneo ikaja Alhamisi. Torki, masikini, ilikuwa katika herufi T. Tulifika herufi T Ijumaa alasiri, mikoba imeshafungwa, basi linanguruma nje. Mtu akasema 'nguvu ya mzunguko', mwingine akasema 'haya', nami nikasema 'ipite'. Hakuna aliyekumbuka kwamba Jumanne tulikubaliana nguvu ya aina hii inaitwa kani.

Hilo ndilo ninalotaka lizingatiwe zaidi ya istilahi yenyewe. Alfabeti ni njia nzuri ya kutafutia neno katika kamusi, lakini ni njia mbaya ya kuundia maneno. Mhimili, kani, wenzo, egemeo, roda na torki ni ukoo mmoja. Ukiwatenganisha ndugu hawa, kila mmoja akapewa jina siku yake, watarudi nyumbani hawatambuani. Isitoshe, alfabeti yenyewe ni ya Kiingereza. Tulifuata mpangilio wa lugha ya watu wengine kuamua ni lini tutafikiria kuhusu vitu vyetu.

Tungeanza na karakana, ukoo huo tungeukuta umekaa pamoja. Nilirudi kwa yule fundi siku tatu mfululizo, nikakaa juu ya gogo nikaandika. Chukua keke ya kizamani, ambayo vijana wengi hawajaiona. Ina kekee, chuma chenye ncha kinachotoboa. Ina msukano, mti wa mviringo unaoshikilia kekee. Ina jivu, kishikio cha juu ambamo msukano huzungukia. Na ina uta, ambao kamba yake huzongwa kwenye msukano, fundi akauvuta mbele na nyuma. Maneno haya yamo katika kamusi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini sijaona kitabu cha fizikia kinachoyatumia. Na fizikia imejaa humo. Msukano ukiwa mwembamba, mvuto mmoja wa uta huuzungusha mara nyingi, ila kwenye mti mgumu kekee hushindwa. Ukiwa mnene, huzunguka mara chache lakini hula mti. Kamba ni ile ile na mvutaji ni yule yule. Kilichobadilika ni umbali kutoka kitovu cha msukano hadi kamba ilipo. Huo ndio mkono wa fundi.

Au tuurudie mlango. Mlango wa kale wa Kiswahili haukuning'inizwa kwa bawaba. Kila ubao una ncha mbili za mviringo, moja juu na moja chini, zinazokaa katika matundu ya vizingiti. Uzito wa ubao unavuta upande wa mfaa kuelekea chini, na ncha hizo ndizo zinazouzuia usilale. Chukua mlango wa upana wa mita 1.2 na uzani wa kilo 80. Ungekuwa ubao mmoja, uzito wake wa karibu nyutoni 800 ungekaa katikati, sentimita 60 kutoka kwenye ncha: torki ya nyutoni-mita 480. Ugawe mbao mbili. Kila ubao sasa una nyutoni 400, na katikati yake iko sentimita 30 tu kutoka kwenye ncha: nyutoni-mita 120. Umeugawa mlango mara mbili, na torki inayozielemea ncha za kila ubao imepungua mara nne, kwa kuwa uzito umepungua nusu na mkono nao nusu. Sisemi kwamba hii ndiyo sababu pekee ya milango yetu kuwa na mbao mbili. Nasema kwamba mwalimu anayeishi kisiwani hapa hana haja ya kuagiza mfano kutoka ng'ambo.

Tuteremke hadi Bandari ya Kale. Mti mrefu unaoshikwa kugeuzia usukani wa jahazi unaitwa kana. Kana ni ndefu kwa sababu ile ile ya mfaa: bahari inausukuma usukani kwa kani kubwa, na binadamu anaishinda kwa mkono mrefu. Neno 'usukani' lilipanda kutoka jahazini likaingia garini, na leo dereva wa tuktuk anasema 'nimeshika usukani' bila kuwaza bahari. 'Kana' haikupata nauli, ikaachwa ufukweni. Kadhalika 'wenzo', ambao kwa wazee ulikuwa mti wa kuinulia kitu kizito, na pia gogo la kuviringishia chombo kinapovutwa pwani. Wingi wake, 'nyenzo', sasa umejaa katika kila ripoti ya elimu: nyenzo za kufundishia, nyenzo za utafiti. Tunalitaja neno kila siku, na maana yake ya kwanza wengi hatuijui.

Wapo watakaoniuliza: kwa nini tusikope tu, tukasema 'torki', kama tulivyokopa atomu na elektroni? Ni swali la haki, na mimi si adui wa mkopo. Msamiati wetu wa vitu vinavyozunguka umejaa mikopo. 'Parafujo' na 'roda' ni maneno ya Wareno, walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593 na kupokonywa na Waomani mwaka 1698. Wao wakaondoka, parafujo ikabaki. 'Spana' ni ya Mwingereza. Lakini parafujo ilikuja mkononi mwa mtu, neno na kitu pamoja. Torki haikuja na kitu. Kitu tulikuwa nacho. Kukopa neno kwa jambo ambalo seremala analitaja kila siku ni kama kwenda kununua maji ilhali una kisima uani.

Wengine wangependa 'momenti'. Hili nalo lina taabu yake, kwani kwa Kiingereza neno hilo pia lina maana ya punde, muda mfupi. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniandikia, katika zoezi la tafsiri, kwamba mti ukitulia juu ya egemeo ni kwa sababu ya 'kanuni ya nyakati'. Sikumcheka. Alikuwa ametafsiri kwa uaminifu neno ambalo halikumwambia lolote.

Basi jina liwe lipi? Kigezo ninacho, na ni cha Kiswahili chenyewe: 'kanieneo'. Neno hili, ambalo tunalisikia katika habari za hali ya hewa, limeunganisha kani na eneo. Halisemi kama tunagawanya au tunazidisha, lakini linamwonyesha mwanafunzi viungo vilivyomo chunguni. Kwa mfano huo, na kwa kufuata kinywa cha fundi, napendekeza 'kanimkono'. Kani ya wanaistilahi na mkono wa seremala, katika neno moja. Tunaweza kusema kanimkono inayofuata mwendo wa saa na kanimkono iliyo kinyume cha saa, na kwamba mti hutulia zikilingana.

Najua pingamizi. La kwanza, 'mkono' ni kiungo cha mwili. Ni kweli, lakini tuna mkono wa sufuria, mkono wa spana na mkono wa bahari, na hakuna anayetafuta vidole. La pili lina uzito zaidi. Fundi anaposema 'mkono' mara nyingine anamaanisha urefu wa mpini, na mara nyingine anamaanisha athari yote. Mwanafizikia anataka umbali unaopimwa kwa pembemraba kutoka kwenye mhimili hadi kwenye mstari wa kani. Ukiuvuta mlango kwa kuufuatisha ubao kuelekea kwenye mwimo, mpini unaweza kuwa mrefu upendavyo, na mlango usigeuke. Hapa ndipo msomi ana kazi. Fundi anatupa neno, sisi tunalipa mipaka. Sitaki kujifanya kwamba karakana peke yake inatosha, kama vile ukumbi wa hoteli peke yake haukutosha.

Pana pia mambo ambayo sijayapatia jina. Siku za Idi, watoto wakipanda pembea ya kuzunguka uwanjani Makadara, anayeisukuma hujua kwamba watoto wakikaa ukingoni ni kazi kuianzisha na ni kazi kuisimamisha, na wakijibana katikati inakuwa nyepesi, ingawa watoto ni wale wale. Si uzito wao uliobadilika, ni mahali ulipokaa. Jopo letu liliita hali hiyo 'uzito wa mzunguko', na sasa msomaji anaweza kuhesabu makosa mwenyewe. Mwenye neno la karakana au la uwanjani na aniletee.

Huenda mtu akasema haya ni mabishano ya wazee wa lugha. Wenzetu wa Tanzania wanafundisha mashine rahisi kwa Kiswahili katika shule za msingi, na egemeo, mzigo na jitihada ni maneno ya mtoto wa kule. Sisi Kenya fizikia ni ya Kiingereza, na somo la athari ya kani katika kugeuza vitu lilikuwa la Kidato cha Pili katika mtaala wa KCSE. Yule fundi ana mwanagenzi, kijana aliyeacha shule baada ya kidato hicho hicho. Aliniambia fizikia ilimshinda. Nikamuuliza kuhusu mlango wa mama. Bila kalamu, akanieleza kwa nini ncha ya juu inalika upande wa mfaa na ya chini upande wa mwimo. Ndivyo inavyopasa kuwa, kwa sababu ubao unaoning'inia huvuta juu na kusukuma chini. Somo lililomshinda darasani analifanya kila siku kwa mikono yake, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni somo lile lile. Hakuwa amekosa akili. Alikosa neno la kuvukia.

"Hicho kitabu chenu," fundi akauliza, "huyu ataelewa akikisoma?" Nikasema nitajaribu.

Nilipofika nyumbani niliandika barua kuomba ukurasa ule urekebishwe. Jibu lilikuja baada ya siku nne, la heshima na fupi: kazi imeshaingia mitamboni, pendekezo litazingatiwa katika toleo lijalo. Kwa hivyo kitabu kitatoka hivi karibuni, na jina langu limo katika orodha ya waliokipitia. Ukikipata, msomaji wangu, fungua herufi T, chukua penseli, ukate 'nguvu ya mzunguko'. Uandike pembeni 'kanimkono', au neno lako ulilonalo lililo bora zaidi, kisha unitumie kupitia gazeti hili.